Aliyekuwa Akitumalizia Samaki

Afande wangu, Baba Madinah,

Ukirudi kutoka kambini Kimaka, chai iko kwenye chupa. Usitie mkono kwenye tangi la samaki! Lile jiwe la baharini ulilotuletea kutoka Mombasa lilikuwa limeficha mdudu kama kamba wa baharini. Asubuhi nimemwona akichomoka tunduni, akampiga konokono ngumi moja tu, gamba likapasuka. Kumbe ndiye aliyekuwa akitumalizia samaki.

Nami nilimlaumu Madinah, eti anawaua kwa uzembe. Aliapa, nikamwita mwongo mbele ya wageni. Wiki ya pili sasa yuko kwa bibi yake, huko Nabuyonga, Mbale, na simu zangu hapokei.

~~Mwue huyo mdudu.~~ Usimwue. Mtoe pamoja na jiwe lake, umweke peke yake kwenye ndoo, kwa maji yaleyale ya chumvi.

Mimi siwezi kukaa hapa. Nimempigia bibi yake, nikaeleza yote. Kisha nikamsikia Madinah nyuma yake: "Muulize huyo mdudu ana rangi gani."

Nimesema nakuja Mbale kumwambia mwenyewe, na kumwomba radhi.

Mama Madinah