Muhtasari Ulionyooka

Kamuli, Kyerwa
9 Julai 2023

Mpendwa Shemeji Prudensia,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote walioko Kiruruma, nikitumaini goti lako limepata nafuu. Mimi ni mzima, ila mapishi ya mgane ni yale yale. Uniwie radhi sana: barua yako ya Pasaka imekaa mezani miezi mitatu bila jibu. Haikuwa dharau.

Uliuliza habari za michezo yangu ya kuigiza. Shemeji, nimechoka! Miaka kumi na miwili naandika ili wajane wasifukuzwe kwenye vibanja vyao vya migomba na kahawa, na watu wanacheka mahali pa kulia. Jumapili iliyopita tulicheza uwanja wa kigango. Twizeyimana, anayeigiza shemeji mwovu, alijiongezea maneno: akamwambia mjane afungashe sufuria lakini aache ndizi, kwa kuwa ndizi hazikuolewa. Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Nilipomkanya alinijibu kwamba Mwalimu aandike tu, kuchekesha amwachie yeye.

Hilo ningelivumilia. Lakini Mzee Cleophace, mwenyekiti mpya wa ukoo wetu, alinivuta pembeni kunipongeza kwa ule muhtasari wa kikao cha ukoo unaosomwa jukwaani, usemao marehemu aliagiza kibanja kirudi kwa ndugu zake. Akasema umenyooka mno, akaomba nakala, maana wana mjane anayewasumbua. Nikamweleza kwamba muhtasari ule ni wa uongo. Akasema anajua, ndiyo maana anautaka.

Shemeji, umenyooka kwa sababu sikuutunga kwa ajili ya mchezo. Ndio ule ule uliosomewa wewe mwaka 2006. Hakuna kikao kilichoketi. Niliuandika peke yangu, nikapita nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi. Mumeo, mdogo wangu Gaudiosus, hakuagiza lolote. Nawe hadi leo wanishukuru kwa kukusindikiza hadi barabarani, ukidhani wazee walinishinda nguvu.

Haya yote nimeliandikia pia baraza la ardhi la kata. Nakala yake imo humu, uitumie upendavyo. Sithubutu kuomba msamaha. Naomba uje uchukue kibanja chako, ninachokilima mimi hadi leo, nikiwa hai, kwa kuwa wanangu wa kiume hawatakuachia kwa hiari.

Unisalimie wote. Barua hii anakuletea binti yangu Noela. Nilimsomea yote ya juu jana jioni, na tangu hapo hajaniamkia.

Ni mimi shemeji yako,
Cassian