Kengele ya Kila Jumanne

Jumanne, baada ya isha.

Na bado sielewi, kosa ni langu au la simu?

Mpwa wangu ndiye aliyenifundisha. "Mjomba, andika kazi zako humu, daftari utalipoteza." Nikaandika: kila Jumanne saa nne, mashua ya kwenda Chovae, kumpelekea dada dawa za presha. Leo kengele imelia saa nne kamili. Nafika pwani, maji yamekupwa, mashua imeondoka na maji ya alfajiri. Wiki iliyopita si ilitoka saa nne?

Mchukuzi akanicheka. "Mzee, na bahari imekwenda wapi, simu haikukwambia?"

Mimi, niliyerudi kutoka Ras Kamboni gizani kwa kunusa matope tu! Mtu mzima nimeiuliza simu habari za maji.

Dada alipopiga nilimwambia injini imeharibika.

"Haya, kaka. Vidonge vimebaki viwili."

Viwili ni vya kesho tu.

Mashua ya kesho nimeiandika kwenye simu, daftarini na kiganjani, na saa zote tatu hazifanani. Basi nakwenda kulala pwani, dawa kifuani, miguu nimeielekeza baharini. Maji yakinigusa nitaamka.