Mlango wa Gemu Yako Umeonekana

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa kaka yangu Betri,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ule mgongo umeacha ukorofi. Bado mnateremka kwenye mashimo ya lifti kwa ngazi ya chuma? Na unakula, au ndiyo chai na mkate asubuhi, chai na mkate jioni? Usinidanganye, nakujua. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, anakusalimu kabla sijafika kwenye salamu, maana amesimama nyuma yangu anasoma kila neno ninaloandika. Baba hajambo pia, goti linamsumbua kidogo, lakini kumkataza kupanda juu ya matangi ya watu ni kazi bure. Pumu yangu imetulia na nimenenepa. Nimejisema mwenyewe kabla hujanisema wewe.

Sasa kama umesimama, kaa kitako. Mlango wa gemu yako umeonekana.

Najua hapo umecheka kile kicheko chako cha puani. Cheka tu, ni haki yako. Ila mimi uniache nikueleze tangu mwanzo, kwa sababu majuma haya nimesumbuka kwa ajili yako mpaka nywele zimeninyonyoka, na huwezi kupata raha yote bila kusikia taabu yangu.

Unakumbuka nilikuambia nimepata kazi ya kupanga kurasa kwenye Kitufe, lile jarida la magemu ya zamani. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja juu ya saluni. Wakiwasha mashine zote za kukaushia nywele kule chini, taa zetu zinafifia na mhariri anapiga sakafu kwa kiatu. Huyo mhariri tunamwita Antena, kwa urefu na wembamba wake, na kwa sababu hakuna umbea wa jengo lile usiomnasa yeye kwanza. Mbali na kupanga kurasa, mimi ndiye ninayefungua barua za wasomaji. Nilidhani itakuwa kazi ya kupumzikia. Kumbe wapi.

Wasomaji wetu ni watu wazima na heshima zao, wenye vitambi na watoto wa sekondari, lakini ukiwatajia gemu ya kompyuta iliyorekodiwa kwenye kaseti macho yanawalowa. Kwa hiyo Mama alipoikuta kaseti ya ile gemu uliyoitunga ukiwa kijana kwenye kopo la vifungo, na kompyuta kuukuu ya Antena ikakubali kuisoma, tuliichapa. Maelekezo yote ya gemu, mstari kwa mstari, kurasa nne nzima, kama majarida ya enzi zile yalivyofanya, ili msomaji ayaandike mwenyewe kwenye kompyuta yake kisha acheze. Nilipokuomba ruhusa kwa simu ulisema, "Fanyeni mnavyotaka, takataka hiyo." Nikajua umefurahi.

Basi kaka, barua zikamiminika. Mwenye duka la rangi aliandika kwamba alishinda jioni kadhaa akinakili mistari yako hadi mkewe akadhani ameanza kusomea uhasibu. Dereva wa lori alituma picha ya kioo cha televisheni yake, na pale katikati wapo wale watu wako wawili, mkubwa na mdogo wake, wanatoka shule kwenda nyumbani. Msichana wa famasi akasema mbwa wa uwanjani amemkimbiza mpaka akaangusha kiti. Wote wakamsifu yule mdogo anayefuata nyuma kwa miguu yake mifupi. Mmoja akauliza aliyetunga gemu hii sasa ni nani, lazima awe mtu mkubwa. Nilijibu kwamba ni fundi lifti na ana kichwa kigumu.

Halafu wakafika mtaroni.

Hapo ndipo yakaanza mambo. Ule mtaro wa chini ya barabara, maji yanapanda, mbele kuna ukuta, na ukuta hauna mlango. Wakaenda mbele, wakarudi, wakaruka, wakagonga kila tofali. Mwenye duka la rangi akaandika tena, safari hii bila hata salamu: "Mlango uko wapi?" Wengine wakasema tumeruka ukurasa. Mmoja akataka arudishiwe pesa za jarida na za miwani mpya. Ofisini ikawa hakuna kupokea simu, maana ukipokea tu unaulizwa mlango. Mwishowe mwalimu mmoja wa kompyuta akakaa na mistari yako akaisoma yote, akatuandikia barua ndefu ya upole. Alisema mlango unafunguka mkubwa na mdogo wakikutana kwenye ukuta, lakini mdogo kasi yake ni ndogo kupita kiasi, na kila mkubwa anaposogea yeye anarudi nyuma. Kwa hiyo hawezi kufika. Mtunzi alikuwa kijana, akasema, alikosea hesabu, asilaumiwe.

Nikakupigia. Ukaniambia, "Mlango upo, tafuteni," ukakata kwa sababu eti watu wamekwama kwenye lifti. Na sisi je, hatukukwama? Nilikutukana peke yangu jikoni, nakuomba radhi.

Kosa nililofanya ni kuzisomea barua zile sebuleni. Baba alikuwa kwenye kiti chake, anajifanya anasikiliza redio. Nilipomaliza ile ya mwalimu akasema, "Si nilisema." Basi. Akaongeza sauti ya redio.

Na wewe unajua alichosema, maana alikisema mbele ya wajomba wote siku ile unaondoka, na begi lako liko mlangoni. Kwamba huyu hamalizi kitu. Kozi hakumaliza, ufundi bomba hakumaliza, hata hako kagemu alikokeshea hakumaliza. Tangu hapo simu zenu ni za mvua na jua, "huko kuna baridi?", "ipo", kisha anampa Mama. Kaka, jarida likifa nitatafuta kazi nyingine. Kilichoninyima usingizi ni neno lile la Baba. Sasa lilikuwa limepata na mwalimu wa kuliunga mkono.

Antena naye akachoka kupigiwa simu. Akaandika tangazo la kuwaomba radhi wasomaji: gemu tuliyochapa haikukamilika, mtunzi hakuimaliza. Mimi ndiye niliyepewa nilipange ukurasa wa pili, ndani ya fremu, kwa herufi nene. Nililipanga nikiwa nimenuna hivi kwamba Antena aliniletea soda bila kuombwa. Asubuhi yake lilikuwa liende mtamboni.

Jioni hiyo hiyo, nimeshavaa kandambili za kurudia nyumbani, ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa msomaji mmoja, mama wa mapacha. Nyuma unasikia mtoto analia na kijiko kinagongwa kwenye bakuli. Anasema hivi: "Jamani samahanini, mimi sijui kama nimeiharibu hiyo gemu yenu. Nilikuwa mtaroni, huyu mmoja akajichafua, nikaacha kila kitu nikaenda kumbadilisha, na mwenzake naye akadai zamu yake. Nimerudi nikijua nimeshakufa maji. Nakuta maji yameishia magotini, wale watoto wamesimama pamoja, na ukuta uko wazi. Sasa mimi nimebonyeza nini?"

Hakubonyeza kitu. Ndiyo maana.

Niliutupa mkoba chini, Antena akawasha kompyuta, tukaenda mpaka mtaroni. Maji yakaanza kupanda na mimi nikaondoa mikono kabisa, nikaikalia. Usione mchezo, ni kazi ngumu kuliko kuruka mbwa. Vidole vinawasha. Maji yanafika miguuni, roho inakuambia kimbia. Antena alikuwa anatafuna kifuniko cha kalamu. Maji yakafika magotini, yakasimama. Na kule mwanzo wa mtaro, polepole, nikamwona mdogo anakuja. Mkubwa asipoondoka, mdogo harudi nyuma. Anafika, anasimama ubavuni mwa kaka yake, na ukuta unafunguka.

Kaka, nililia. Najua utanitania, nitanie, lakini nililia mbele ya bosi wangu na kandambili miguuni. Mimi ndiye niliyekuwa nabanwa na kifua pale kwenye kilima cha shule, na wewe ndiye uliyekuwa unasimama kwenye kona hadi nipate pumzi, unajifanya unafunga kamba za viatu. Wenzako wanakupita wanakuzomea. Hukuniambia kwamba ulituweka mle. Miaka yote hii nadhani ni gemu ya mbwa.

Tangazo la radhi nililichana na vipande nikavitia kwenye soda iliyobaki, na Antena akaomba mtambo utusubiri. Mwalimu wa kompyuta alipopewa habari alipiga simu mwenyewe kucheka. Alisema hesabu aliziona, lakini hakuwaza kwamba kuna mtu angetunga gemu ambayo ushindi wake ni kutulia.

Antena aliniruhusu kuileta mashine nyumbani Jumamosi. Nilimwambia Baba kuna kitu cha kuona. Akasema hana haja ya kuona, lakini kiti akakivuta. Kisha hakutaka nicheze mimi, akataka acheze yeye, na vidole vile vya kukaza mabomba vilikuwa vinabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Mbwa alimwua mara nyingi. Mama alicheka mpaka akapaliwa. Baba alipofika mtaroni akalalamika kwamba maji hayawezi kupanda namna ile, aliyejenga mtaro huo hakuweka mkondo. Nikamwambia, "Baba, toa mikono, ngoja." Akatoa.

Maji yalipofika magotini akaniuliza, "Huyu mdogo ni wewe?" Nikasema ni mimi. Alingoja, mikono juu ya mapaja, mpaka nilipofika. Ukuta ukafunguka, wakatokea uani kwenye nguo zilizoanikwa, na yakaja yale maneno yako: TUMEFIKA. MAMA ASIJUE TULIPITA MTARONI. (Mama anauliza, ni kweli mlipita mtaroni? Nimemwambia akuulize wewe.) Baba alibaki anakitazama kioo. Akaniomba nirudie, nikarudia. Akainuka akaenda chumbani akafunga mlango.

Jumatatu alinipa bahasha iliyobandikwa gundi kila upande. Akasema, "Hii ni ya mhariri, siyo yako." Sikumwambia kwamba barua za mhariri nazifungua mimi. Niliifungulia ofisini, na Antena alikuwa amesimama pembeni, kwa hiyo tuliisoma pamoja:

"Kwa Mhariri. Mimi ni msomaji mpya. Gemu mliyochapa si mbovu. Imekamilika, nimefika mwisho mwenyewe. Aliyeitengeneza ni mwanangu wa kwanza. Niliwaambia watu kwamba hamalizi kitu, nikamwambia na yeye, wakati gemu imo ndani ya nyumba yangu na sikuwahi kukaa kuicheza. Nilisema kitu nisichokijua. Naomba mlichape hili mahali watakapoliona wote walioandika. Fundi bomba mstaafu."

Antena alitaka kurekebisha sentensi. Nilimwambia akigusa hata nukta moja naacha kazi.

Jarida limetoka jana. Baba amekataa nakala ya bure, amekwenda dukani kununua yake, na wajomba amewapelekea mmoja mmoja, wale wale. Jioni akaniuliza kama posta ya huko inafikisha majarida au yanapotelea njiani. Nikamwambia nitakutumia wewe lako. Akasema nilitie kwenye bahasha ngumu, lisikunjike.

Kwa hiyo limo humu ndani. Barua yake iko juu kabisa, ukurasa wa wasomaji, nimeipanga mimi.

Mama anasema ununue soksi nzito. Shangazi mshonaji anakusalimu, anataka vipimo vyako vya kiuno, na usiombe kujua kwa nini. Mjomba wa vioo, mmoja wa waliokuwepo siku ile, anakusalimu pia, ila hakunitazama machoni aliponipa salamu hizo. Antena anakuomba gemu nyingine kama ipo. Mungu akulinde huko juu kwenye nyaya zako, akupe afya na usingizi mwema, na akurudishe kwetu ukiwa na meno yote.

Ukishasoma, piga simu. Usiombe kuongea na mimi, wala Mama. Baba amehamishia kiti chake pale tunapochajia simu, eti ndiko kwenye upepo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa moyo wote,
Wa kurasa.