Kibali cha Shimo Kavu

Rumonge, Alhamisi, Aprili 1972. Mvua asubuhi, na tangu adhuhuri joto la kukaba roho.

Natangaza rasmi, kwa wakubwa na wadogo wote wa pwani hii, kwamba shimo la choo changu limekamilika.

Msicheke. Hapa kwetu komini, serikali ya mtaa, haikupi kibali cha kujenga nyumba mpaka uonyeshe shimo la choo, refu, na kavu chini. Choo kwanza, nyumba baadaye. Mwenye chumba tunachopanga anakitaka mwisho wa mwezi, na tumbo la mke wangu, Mama Zaina, limeshashuka. Bila kibali, mutoto atazaliwa barabarani.

Ubaya ni kwamba parseli yangu, kiwanja cha kujengea, iko karibu na ziwa. Jana tulichimba tukakuta maji.

Mathayo, jirani yangu wa nyuma ya ua, ndiye fundi wa kunijengea. Alichungulia shimoni, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Baba Zaina, hapa achana na choo. Fuga samaki, fuga ndagala!"

Halafu akaleta makapi ya mawese kutoka kwa shemeji yake anayekamua mafuta. Tukayamwaga, tukatandaza mchanga juu. Shimo likaonekana kavu kama baraza la msikiti.

Tangu alfajiri nilikuwa natunga majibu. Mchanga huu umetoka wapi? Harufu hii ya mafuta ni ya nini?

Ajenti wa komini amekuja alasiri kukagua. Siku zote huja na baiskeli na mwavuli wake. Leo ameletwa na gari, pamoja na wanaume wawili ambao hawakutusalimu hata kwa amahoro.

Shimo hakulitazama.

Aliligeuzia mgongo, akawa anaangalia ua wa Mathayo.

"Pale analala nani?"

"Fundi, bwana."

"Mutu wa wapi?"

"Fundi ni mutu wa pale penye kazi."

Hakucheka. Huyu bwana hucheka hata utani wangu ulio mbovu kuliko huo. Mmoja wa wale wawili akauliza mlango wa nyuma wa fundi unatokea wapi. Nikasema ziwani, kama milango yetu yote. Wakatazamana.

Ajenti akatia sahihi kibali juu ya boneti ya gari. Kamba yake ya kupimia haikutoka mfukoni.

"Murakoze, asante sana, bwana."

"Jenga upesi," akasema, macho chini.

Miaka yote naomba serikali isichungulie mashimo yangu. Leo haikuchungulia, na joto lote hili nimesikia baridi.

Gari lilipoondoka nikaenda kwa Mathayo, nikamweleza kila nilichoulizwa. Tumeshasikia kwamba wanaoulizwa hivyo huchukuliwa usiku. Alinawa udongo mikononi, taratibu, akamwita mkewe.

"Utapata fundi mwingine, Baba Zaina."

"Mwingine atataka kulipwa."

Tulicheka kidogo, kwa adabu tu. Kabla ya magharibi mtumbwi wao ulikuwa doa dogo upande wa Kongo.

Mama Zaina amekikunja kibali ndani ya kanga yake na hataki hata nikiguse. Ananiuliza Mathayo anaanza lini.

Nimetoka sasa hivi kuchungulia. Mchanga umezama. Shimo lina maji, yanafika magotini.