Mzee Kaberia Ameangusha Miraa Yake

Kangeta

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Yesu. Magoti yako yanaendeleaje? Na mbuzi, wanapata majani ama huko nyumbani Kiritiri bado ni vumbi tu? Mimi mwili uko sawa kwa neema ya Mungu. Moyo ndio umekataa kutulia. Nimeona nikuandikie, kwa sababu haya ningekuambia kwa simu ungesema nimelewa.

Unamjua Mzee Kaberia, huyu ninayemchunia miraa. Tangu corona izuie ndege za kuipeleka nje, miraa yake nyingi imekuwa ikikomaa na kuharibika mtini bila mnunuzi, tunauza kidogo tu hapa sokoni. Mwezi uliopita chifu akatangaza kwa baraza kwamba serikali itasaidia mashamba yaliyoumizwa na ugonjwa, na afisa wa kilimo atapita kuyaangalia. Tukashukuru Mungu. Lakini huko sokoni watu wakaanza kusema ati serikali haiwezi kulipa mtu wa miraa, ni wa mahindi na maharagwe peke yake. Mzee akaamini.

Mama, asubuhi moja nilimkuta ameshika shoka chini ya mbaine. Mbaine ni ile miraa mizee kabisa, aliyoachiwa na babu yake. Hapa kijana akienda kuposa, kifungu cha miraa anachopeleka kwa wazazi wa msichana kinatoka kwa miti kama hiyo. Mtu haikati hivi hivi.

Mkewe alikuja mbio na mwiko mkononi. "Baba Karimi, umerogwa?"

"Nyamaza. Serikali hailipi majani."

"Na Karimi akiposwa tutaletewa nini, sukuma wiki?"

Mzee alinigeukia. Aliniambia, "Njeru, shika kamba," nikashika. Ni mwajiri wangu, ningefanya nini? Mti ulipoanguka, majirani waliokuwa wamesimama kwa ua waliondoka kama watu wanaotoka mazishini. Tuliangusha yote. Kisha tukapanda maharagwe katikati ya visiki.

Afisa alipokuja, ni msichana mdogo mwenye gambuti, alisimama akashika mdomo. "Nani amewafanyia hivi?"

"Ni mimi," Mzee akasema kwa furaha. "Sasa hili ni shamba la chakula."

"Lakini mzee wangu, huku nimetumwa kwa watu wa miraa. Si ninyi ndio mlikosa ndege?"

Mzee alicheka. Alidhani anataniwa. Alipoona msichana hacheki, aliweka mkono kwa kisiki na kuuliza, polepole, "Na hii haihesabiki?"

"Nimeambiwa niandike miti iliyosimama."

Mama, sijawahi kuona uso wa mtu ukizima hivyo. Nilijaribu kuomba, nikapata Amina peke yake.

Huyo msichana ameahidi kumwelezea mkubwa wake, lakini hakutupa tumaini. Wachunaji wenzangu wamehamia mashamba mengine. Mimi pia nimeitwa na jirani, niende nianze. Lakini jana Mzee alikuja mlangoni kwangu akavua kofia, mtu wa umri wa baba yangu. Akasema, "Njeru, visiki vitachipuka. Kaa tuvilinde. Sina mshahara, nina chakula na pa kulala."

Nimemwambia anipe muda niulize nyumbani. Najua hapo mnakula kwa kile ninachotuma, na nikikaa sitatuma kitu mpaka miraa irudi. Nikienda, atabaki na mkewe peke yao kwa hilo shamba, na mimi nilishika kamba. Wewe ndiye utakayelala njaa, kwa hivyo wewe ndiye utaamua. Ukisema niende kwa jirani, nitaenda bila kinyongo.

Nisalimie kaka yangu Nyaga na mkewe, shangazi anayekuchotea maji, na mchungaji wetu. Mwambie amweke Mzee Kaberia kwa maombi.

Mzee ananingoja. Tafadhali nijibu upesi.

Mwanao,
Njeru