Osuga Bila Maziwa

Katito, 6 Februari 1993

Binti yangu Rosa,

Salamu nyingi. Mimi mzima ila magoti, na hayo umeyazoea. Huko Uingereza baridi imepungua? Hapa si pazuri. Kile kichwa cha ndugu yako Tom si malaria. Daktari wa Kisumu ameona uvimbe kwenye ubongo, ni kansa. Amempa tembe, na mwezi ujao anataka apasuliwe Nairobi. Wewe unayesomea mimea, hakuna chakula cha kuizuia? Naogopa kisu.

Mama yako, Dorca

Leeds, 20 Februari

Mama mpendwa,

Pole sana. Mwili wangu mzima, moyo ndio mgonjwa. Maabara yetu inachunguza vile vitu vinavyotia mboga uchungu. Vingine tumezimwagia chembe za kansa ya ubongo, zikafa. Mboga yetu ya osuga nayo ni chungu, basi ale, haidhuru. Lakini Nairobi aende.

Binti yako, Rosa

Katito, 14 Machi

Mwanangu Rosa,

Hujambo? Barua yako imetufufua. Osuga sasa nachemsha tu. Ile ya kuilaza kwenye maziwa mpaka uchungu uishe nimeacha, maana uchungu ndio dawa. Tom anakunja uso, anasema, "Mama, weka maziwa kidogo tu." Nakataa. Kichwa kimetulia, jana alifika sokoni kwa miguu yake. Daktari tumemwambia angoje. Tembe nazo zimeisha, sioni haja ya zingine.

Mama yako

Leeds, 1 Aprili

Mama,

Leo sikuulizi habari. Zile chembe zilikuwa kwenye kioo cha maabara, si kichwani mwa mtu. Hakuna anayeweza kula osuga mpaka dawa yake ifike huko. Kilichomtuliza ni tembe. Mrudishieni, na mumpeleke Nairobi wiki hii. Maziwa mtilie, hayana kosa.

Rosa wako

Katito, 25 Aprili

Binti yangu Rosa,

Natumaini u mzima. Barua yako ilifika Ijumaa. Tom tulikuwa tumemzika Jumatano.

Alianza kutapika, kisha macho yakapotea. Siku hiyo aliomba osuga ya maziwa. Maziwa yalikuwepo jikoni. Nikamwambia vumilia, ukipona nitakupikia sufuria nzima.

Usijilaumu. Uliandika aende Nairobi, mimi nikasoma nilichotaka kusoma.

Matangani wanawake walipika osuga, wakailaza kwenye maziwa ipasavyo. Mmoja wao, Anyango, akanipakulia. Nikamrudishia sahani. Ng'ombe nimempa jirani, sitaki kusikia akikamwa.

Mama yako