Nusu na Theluthi Mbili

Kasongo, tarehe 9 Februari 1958

Kwa shangazi yangu Hawa,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, ila jino la upande wa kushoto linanisumbua. Wewe je, na mguu wako? Baba hajambo? Nisalimie wote hapo Kabambare, hata Abedi wa dukani.

Nakuandikia kwa herufi zetu za Korani ili direkteri wa shule akifungua barua asiambulie kitu. Shangazi, nimepata sifuri. Mzungu anayetufundisha hesabu za kazi alitupa swali hili: una ubao wa mita nne na sentimita ishirini, nusu yake iwe mlango, theluthi mbili ziwe benchi, kila kipande kitakuwa na urefu gani? Nikaona raha. Nikakumbuka yale mafungu ya urithi uliyonifundisha, mwanamke amekufa ameacha mume na dada wawili: nusu na theluthi mbili zinazidi mali, basi mali inakatwa mafungu saba, mume matatu, dada zake manne. Nikaukata ubao saba. Mlango mita moja na themanini, benchi mbili na arobaini. Nikawa wa kwanza kuinua mkono.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Wewe mutu ya Korani," akaniambia mbele ya wote, "hesabu yako iko ya wafu. Hapa tunajenga nyumba ya wazima." Jibu lilikuwa: haiwezekani, ubao hautoshi. Sasa wenzangu wananiita Marehemu.

Direkteri amesema nikianguka hesabu katika mtihani wa Juni, shule basi. Na baba ameshaapa kwamba nikirudi, shamba la pamba kule Wamaza linaningoja, kwa kuwa serikali inataka pamba na yeye amechoka kulima peke yake. Sitaki pamba, shangazi. Nataka kuwa seremala anayesoma ramani ya nyumba. Nisaidie, au niambie niache.

Mtoto wako,
Faradji


Kabambare, tarehe 20 Februari 1958

Mwanangu Faradji,

Waaleikum salaam. Mguu unauma kama desturi yake, mimi mwenyewe ni mzima kuliko mguu wangu. Jino lisukutue kwa maji ya chumvi na uache kutafuna miwa.

Niliposoma barua yako nilikasirika hata wali ukaungua. Hesabu ya wafu! Maiti hana hesabu, anayegombana ni aliyebaki. Babu yako maalim, aliyegawa mirathi, alipopoteza macho mimi ndiye niliyemsomea mafungu hayo, na watu waliingia barazani kwake wameshikana mashati wakatoka wanasalimiana. Kamwambie huyo bwana wako. Au usimwambie, utafukuzwa bure.

Lakini nisikudanganye kwa sababu nakupenda. Kuhusu ubao, amesema kweli. Mlango wa mita moja na themanini! Baba yako ataingia ameinama kama mwizi. Mume na dada wanaweza kukubali kupunguziwa. Wananuna, wanalia kidogo, wanakubali. Ubao haukubali. Basi ukipewa swali, chora kwanza kitu chenyewe, halafu jiulize: hapa yupo mtu wa kukubali? Hayupo, usipunguze. Hilo sikukufundisha kwa sababu sikujua utakuja kugawa mbao.

Mita mimi siijui. Nimeazima ya Abedi, ile ya kupimia vitambaa, ameitoa kwa manung'uniko. Jiko langu jipya litakuwa mita tatu na nusu kwa mbili na arobaini, kwa nje. Kuta nazo zipande mita mbili na arobaini. Tofali langu uso wake ni sentimita thelathini kwa kumi na tano. Niambie nifyatue matofali mangapi, na usisahau mlango. Ukikosea nitapika kwenye mvua, na kila atakayepita nitamwambia ni kazi yako.

Kuacha? Neno hilo usiniandikie tena. Misioni walitaka ubatizwe kwanza ndipo ushike penseli, tukakataa. Leo umepata shule isiyouliza dini, uiache kwa kicheko cha mtu mmoja?

Shangazi yako,
Hawa


Kasongo, tarehe 16 Machi 1958

Kwa shangazi Hawa,

Salaam nyingi. Jino limetulia, miwa bado inanishawishi. Natumaini mguu umepata nafuu.

Matofali mia sita, na uongeze machache ya kuvunjika. Nimechora jiko zima, hata mlango wake, na wewe ndani yake umesimama na mwiko. Mzungu ameiona ile picha kwenye daftari, akauliza ni nani. Nikamwambia ni mwalimu wangu. Hakucheka safari hii, alipita tu.

Bado nakosea, lakini sasa najua nimekosea wapi. Wakiniita Marehemu naitika.

Mtoto wako,
Faradji


Kabambare, tarehe 28 Aprili 1958

Mwanangu Faradji,

Waaleikum salaam. Sisi wazima, mvua zimetuosha.

Jiko limesimama na moshi unatoka. Lakini matofali yamebaki, bwana seremala! Nimelizunguka jiko na mita ya Abedi mpaka nikaona: kila pembe umeihesabu mara mbili, upande huu na upande ule. Pembe moja haiwezi kuwa kwenye kuta mbili ikala tofali mara mbili. Irudie hesabu yote daftarini, halafu ufanye nyingine, ya paa.

Baba yako alikuja. Anasema ukaanze kulima kabla ya Juni, kwa kuwa utaanguka tu. Nikamwuliza, "Amuri, nani amekuambia ataanguka?" Akasema, "Watoto yetu haiwezi hesabu ya Wazungu." Mimi ni dada yake mkubwa, nimembeba mgongoni, nikamwambia maneno ambayo siyaandiki kwa herufi za Korani. Wewe soma. Usiandike barua mpaka mtihani uishe.

Shangazi yako,
Hawa


Kasongo, tarehe 5 Julai 1958

Kwa shangazi yangu Hawa,

Assalaam aleikum. Nimekutii, sikuandika. Mimi mzima.

Majina yamebandikwa mlangoni. Nimefaulu, shangazi, lakini wa mwisho kabisa. Chini ya jina langu pana mstari, na chini ya mstari wapo waliorudishwa makwao.

Nikueleze ilivyokuwa. Matofali na paa nilijibu vizuri. Swali la mwisho tulijibu ubaoni, mbele ya yule mwalimu Mzungu na mkaguzi aliyetoka Kindu: kambi ina pipa la lita mia nne na ishirini, waashi wanataka nusu ya maji, wapishi theluthi mbili, gawa. Nilijua amenitegea. Nikaandika: haiwezekani, maji hayatoshi. Halafu nikakumbuka swali lako, yupo mtu wa kukubali? Wapo! Nikaandika chini yake: wakikubali kupunguziana, waashi lita mia na themanini, wapishi mia mbili na arobaini.

Mwalimu akasema, "Futa ile ya chini, nitakupa alama yote."

Nikamwambia, "Hapana, bwana. Ubao haikubali, lakini hii maji iko ya watu, na watu wanaweza kupunguziana."

"Futa."

Nikaweka chaki mezani. Mkaguzi alikuwa anaangalia saa yake. Swali lote nikanyimwa alama. Na nikilirudia tena leo sifuti. Ila namwogopa baba. Akisikia wa mwisho, atasemaje?

Mtoto wako,
Faradji


Kabambare, tarehe 19 Julai 1958

Mwanangu Faradji,

Waaleikum salaam. Nimelia, halafu nimepika, halafu nimelia tena.

Baba yako nilimsomea barua mwenyewe. Aliposikia wa mwisho akaruka: "Si nilisema? Arudi kwa pamba!" Nikamwambia, "Amuri, wewe mutoto ya maalim, umesahau? Kwa mirati hakuna wa kwanza, hakuna wa mwisho. Kuko mutu mwenye fungu na mutu hana fungu. Faradji iko na fungu yake." Akaomba chai.

Anasema bado hajakubali. Sawa, asikubali. Lori la kwenda Kasongo haliendeshwi na yeye. Likizo njoo unitengenezee mlango wa jiko, mita mbili na kumi, nipite bila kuinama. Septemba uwe darasani, ukae mbele.

Shangazi yako,
Hawa